Spika za Mzee Magidu

Magidu hakuwa na lori lake mwenyewe. Hakuwa na shamba la kahawa. Hakuwa na cheti cha shule, wala meno mawili ya mbele. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia usukani. Hayo yote aliyazoea. Kitu kimoja tu alichokosa kilimuuma kila Jumamosi: hakuweza kusikia maneno ya binti yake redioni.

Mzee huyu aliishi Bwera, mji mdogo wa Uganda karibu na Kongo, na mkewe Mastula. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya watu. Alibeba kahawa kutoka milimani na samaki kutoka ziwani Kasenyi. Ngurumo ya injini iliharibu masikio yake. Muuguzi wa kituo cha afya aliyakagua, akatoa nta, kisha akamweleza.

"Mzee, sauti unaisikia. Maneno ndiyo yanakupotea. Watu waseme nawe kwa uwazi. Wakipiga kelele hawakusaidii."

Binti yao Naimah alikuwa mtangazaji mjini Kasese. Kila Jumamosi asubuhi aliongoza kipindi cha madereva na wachuuzi. Bwera nzima ilimsikiliza. Magidu alibana redio yake ndogo sikioni. Spika ya redio hiyo ilikuwa imepasuka. Alisikia sauti ya mwanawe ikipanda na kushuka, basi.

Jumamosi moja, baada ya kipindi, alipita stendi ya teksi. Madereva walimwona wakaanza kucheka.

"Mzee Magidu," alisema Ashiraf, dereva wa teksi ya Kasese, "leo binti yako amekuanika."

Wote walicheka. Magidu naye alicheka. Hakujua anacheka nini.

Alirudi nyumbani amenuna. "Mama Naimah, mtoto amesema nini juu yangu leo?"

Mastula alikuwa anafuma kitambaa cha meza. "Mimi nilikuwa sokoni. Muulize Ashiraf."

"Nimuulize Ashiraf maneno ya mwanangu mwenyewe?"

Mastula aliendelea kufuma. Magidu alichukua kofia yake, akaenda kununua spika.

Sisi wa Bwera tulikuwa na namna yetu ya kuchagua spika. Muuzaji anaweka muziki. Mnunuzi anasimama ng'ambo ya barabara. Kifua chake kikitetemeka, anasema spika ni nzuri, anatoa pesa. Magidu alifanya vivyo hivyo mbele ya duka la Kasereka, mtu aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kongo. Kasereka aliwasha spika moja kubwa yenye taa za rangi.

"Muzee, hii iko na nguvu mingi," alisema Kasereka. "Batu ya Mpondwe kule mpakani batasikia."

Kifua cha Magidu kilitetemeka. Akainunua.

Jumamosi iliyofuata aliunganisha redio na ile spika. Vikombe vilicheza kabatini. Paka alitoka kwa dirisha. Lakini Naimah alisikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Magidu aliongeza sauti. Pipa nalo likawa kubwa zaidi.

Ashiraf alikuwa anapita. Alichungulia mlangoni. "Mzee, harusi ya nani?"

"Yako," alijibu Magidu. "Tunamsubiri tu mwanamke wa kukukubali."

Nyuma ya Ashiraf alikuja mwalimu Tabisa. Mama huyu alikuwa jirani, na alifundisha kwaya ya kanisa. Siku hiyo waimbaji walikuwa uani kwake.

"Mzee Magidu, shikamoo. Samahani, naomba upunguze. Waimbaji wangu wameacha wimbo, wanafuata ngoma yako."

"Marahaba, mwalimu. Si ngoma. Ni Naimah."

Tabisa alisogea akasikiliza. "Huyu ni Naimah?"

"Ni yeye. Na simsikii."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Tabisa alivuta kiti akakaa.

"Kwanza tujue kosa liko wapi," alisema. Alizungusha mshale wa redio mpaka mikwaruzo ikaisha. Kisha alitoa waya wa spika, akaweka pale vipokea sauti vya masikioni alivyokuwa navyo mkobani. "Jaribu hivi."

Magidu aliviweka masikioni. Aliinua kichwa. "Hapa nasikia neno moja moja."

"Basi redio ni nzima, na mawimbi yanafika vizuri. Spika ndiyo mbaya. Imetengenezwa kwa besi, sauti nzito ya ngoma. Sauti nzito inafunika maneno. Maneno yanakaa katikati, na herufi kama *s* na *t* zinakaa juu, kwenye sauti nyembamba. Mtu wa masikio kama yako anahitaji hizo za juu."

"Basi nivae hivi vya masikioni."

"Na mimi nikae kama mgeni nyumbani kwangu?" alisema Mastula. "Nataka tusikilize wote."

"Mtasikiliza wote," alisema Tabisa. "Zipo spika ndogo, mbili mbili, za kuweka mezani au kwenye rafu ya vitabu. Bei yake si kubwa. Lakini tusiende na muziki wa duka. Tuende na sauti mnayoijua. Mwambieni Naimah awatumie kipindi kimoja kwenye simu."

Naimah alituma kipindi cha ile Jumamosi ya kicheko.

Jumatatu wote watatu walikwenda kwa Kasereka na ile spika kubwa ndani ya boksi lake. Haikuwa na mkwaruzo. Kasereka alikubali kubadilisha. Alipanga jozi mbili za spika ndogo mezani, moja ya plastiki na moja ya ubao iliyokwisha kutumika, akaweka muziki wa dansi.

"Zima, ndugu yangu," alisema Tabisa. "Weka mtu anayesema."

"Lakini mwalimu, hii ya plastiki iko na wati elfu mbili. Iko imeandikwa kwenye boksi."

"Namba ya boksi haisikiki. Unganisha simu yao, ina kipindi cha Naimah."

Tabisa aligonga sanduku la plastiki kwa kidole. Lilikuwa jepesi, likalia. Aligonga lile la ubao. Lilitoa mlio mfupi mzito, likanyamaza.

"Sanduku jepesi linatetemeka, linaongeza kelele zake," alimwambia Magidu. "Sasa tazama mbele. Kila spika ya ubao ina midomo miwili. Mkubwa ni wa sauti nzito na ya kati. Mdogo ni wa sauti nyembamba. Zimewahi kutumika, kwa hiyo gusa taratibu mpira unaozunguka mdomo mkubwa. Usiwe umepasuka wala kukauka. Halafu muulize Kasereka kama amplifaya, mashine ya kukuza sauti, iko ndani. Kama haimo, utanunua mashine nyingine."

Magidu aligusa. Mpira ulikuwa laini. "Kasereka, amplifaya?"

"Iko ndani, muzee. Unaweka tu waya ya redio na ya umeme."

"Vizuri," alisema Tabisa. "Sasa zipe spika mgongo, mzee. Tazama barabara. Sauti iwe ya kawaida, kama watu wanavyozungumza. Unachosikia, kirudie."

Kasereka aliwasha jozi ya plastiki. Magidu alitega sikio. "Dereva… kitu… asubuhi… mafuta," alisema. Akatikisa kichwa.

Kasereka aliwasha jozi ya ubao. Watu wa soko walikuwa wameanza kusimama. Ashiraf alikuwemo.

"Dereva anayejua kazi," alirudia Magidu, "anasikiliza injini yake kabla ya kusikiliza redio." Alinyoosha mgongo. "Baba yangu alinifundisha hivyo." Sauti yake ikapanda. "Baba yangu anazungumza na lori kuliko anavyozungumza na mama."

Soko zima lilicheka. Mastula alicheka mpaka akashika meza. "Ni kweli," alisema. "Lori analiuliza kama limelala vizuri."

Magidu hakugeuka. Aliinua mkono wanyamaze, kwa sababu Naimah alikuwa anaendelea.

"Lakini lori aliloendesha," alirudia polepole, "halikuwahi kuacha abiria wala mzigo njiani. Na nikiulizwa nani alinifundisha kazi, nasema ni yeye."

Hakuna aliyecheka tena. Magidu aligeuka, akaziweka zile spika za ubao kifuani kama mtu aliyebeba watoto wawili.

"Hizi," alisema.

Jioni hiyo aliziunganisha. Sauti ilitoka imezibwa kama ya mtu mwenye mafua. Alimwita Tabisa kwa haraka.

Mwalimu aliingia, akatazama juu. Spika zilikuwa juu ya kabati, kwenye kona, karibu na mabati. Kila moja ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua.

"Mama Naimah, ni wewe?"

"Ni mimi. Kitu cha heshima kinafunikwa."

"Nikikufunika wewe mdomo kwa kitambaa hicho, tutakusikia?"

"Tungepumzika," alisema Magidu.

Mastula alimtazama mumewe, akajikaza asicheke. Tabisa alizishusha spika mpaka kwenye meza, moja kulia na moja kushoto. Alizisogeza mbele kidogo, zisigusane na ukuta. Kona, alisema, inaongeza besi. Alizielekeza kwenye kiti cha mzee. Midomo midogo ilikuwa usawa wa masikio yake alipokaa, na umbali kutoka kwake ulikuwa sawa pande zote mbili. Kisha alichukua vile vitambaa, akavitandika chini ya spika.

"Heshima ikae chini, midomo iwe wazi."

Mastula alivinyoosha pembe. Alikiri kwamba vilipendeza zaidi hapo.

Jumamosi ilipofika, Magidu alivaa kanzu safi, akakaa. Naimah alianza. Kila neno lilifika, na mkewe kando yake alisikia bila kuumizwa masikio. Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali. Alitikisa tena. Halafu akaacha.

"Ukiteremka mlima na mzigo," alisema Naimah, "shika breki mpaka ufike chini."

"Hapana," alisema Magidu.

"Umesikia vibaya," alisema Mastula.

"Nimesikia vizuri kabisa. Amekosea."

Alisimama, akatafuta karatasi na kalamu. Kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa na umenyooka.

"Si umpigie simu?" aliuliza Mastula.

"Simu ni ya baba. Hii ni ya msikilizaji."

Aliandika hivi:

*Mtangazaji Naimah, salaam. Nimesikia kipindi chako chote. Unasema kwa uwazi na sauti yako ni nzuri. Lakini kuhusu kuteremka mlima na mzigo, sahihisha. Dereva akishika breki mpaka chini, zitapata moto na kukataa. Aingize gia ndogo kabla hajaanza kuteremka, injini imzuie. Breki aziguse kidogo kidogo. Tafadhali wasomee madereva. Wanakusikiliza. Mimi pia. Msikilizaji wako, Magidu, Bwera.*

Aliisoma mara moja kwa sauti. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha. Alilamba ukingo, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Kisha alitembea mpaka stendi.

"Ashiraf, peleka hii redioni."

Ashiraf alisoma jina juu ya bahasha. "Mzee, kwani amekuanika tena?"

"Endesha gari," alisema Magidu. "Na mlimani tumia gia ndogo."

Ashiraf aliweka bahasha mbele ya usukani, akawasha injini, akaondoka kuelekea Kasese.