Boksi la Karatasi Ukutani

Haya yalimpata Nasri, rafiki yetu mpiga picha wa Kizota, miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa. Chumba chake cha giza, cha kusafishia picha, kilipakana ukuta na ghala la shirika lililofungwa, mlango wa ghala umechomelewa.

"Mle mna taka za mionzi tu," mlinzi, mzee Mazengo, alimwambia. "Zinangoja pa kupelekwa. Tangu mwaka juzi hajaingia mtu."

Asubuhi moja Nasri alifungua boksi la karatasi za picha lililoegemea ukuta ule miezi mitatu. Bomba lilikuwa likidondosha maji. Redio ilisema wataalamu wameahidi umeme wa nyuklia wa aina mpya, wa moto kama wa jua, usioacha taka za kulindwa maelfu ya miaka. Akachovya kwenye dawa karatasi tupu, isiyowahi kupigwa mwanga, kuijaribu; ilipaswa kutoka nyeupe. Ikawa nyeusi, na katikati kiganja cheupe, mifupa yote ikionekana.

Hakushtuka, alidhani imeharibika. Ya pili, vidole vimeanza kukunjika. Ya tatu, ngumi.

Ukuta ukagongwa mara tatu kutoka upande wa ghala, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Karibu," Nasri akaitikia, kwa mazoea tu.

Akachovya ya nne. Ilitoka nyeusi tupu. Mkono haukuwepo tena.