Kisiwa Chekundu cha Mto Umba

Aron wa Mlalo ni rafiki yangu, na hajui kutunga uongo.

Masika yaliyopita mvua ilishusha shamba lao lote mtoni Umba, na mama yake akiwa katikati analima. Hakupatikana. Juzi Aron aliteremka mpaka Umba unapoingia baharini, kununua dagaa. Bi Saumu, mwokota chaza, akamvusha kwa mtumbwi wake, wakapumzika kwenye kisiwa chenye udongo mwekundu, katikati ya mikoko ya zamani.

“Mwaka jana hapa palikuwa maji, mwanangu. Udongo wenu huu, wa milimani.”

Ndani ya giza la mikoko Aron akasikia jembe likilima taratibu.

“Mama?”

Akaifuata sauti. Akalikuta jembe la mama yake, alilolitia mpini yeye mwenyewe, limesimama ardhini peke yake. Akalishika. Mpini ulikuwa na joto, na sauti ya kulima ikaendelea, chini ya nyayo zake.