Mkanda Uliopimwa Baharini

Jumamosi moja alasiri, hapa Nakuru mjini, watu watatu walikuwa chini ya maji ya kidimbwi cha hoteli, wametulia tuli. Hawakugusa chini, hawakuibuka juu. Wakivuta pumzi walipanda kidogo, wakiitoa walishuka kidogo. Jua lilikuwa zuri. Mimi nilikaa ukingoni nimeshika kamba zao, kwa maana kazi yangu katika kikundi kile cha wazamiaji wa kujitolea ilikuwa hiyo: kushika kamba, kufua suti za mpira, na kuangalia.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Ephantus, mume wa dada yangu Milcah. Tuliishi nyumba moja kule Bondeni, wao, mtoto wao Natalie, na mimi. Siku za kazi alichomelea milango na madirisha. Alijiunga na kikundi kwa sababu huku kwetu mtu akizama, tunasubiri wazamiaji watoke mbali, na jamaa wanakaa kando ya maji siku tatu, siku nne. Nia yake ilikuwa njema. Ndugu msomaji, nakuomba usilisahau hilo, kwa sababu mbele nitasema mengine.

Mwalimu wetu aliitwa Sitati. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kabla hujajua kutafuta mtu majini," alisema, "jua kutulia majini. Jumamosi kumi hapa, ndipo twende kwingine."

Basi siku ile walikuwepo wageni wa hoteli wakinywa soda. Mmoja akaniita.

"Siste, huyo mzee wa suti nyeusi amelala ama amekufa?"

"Anajifunza," nikamjibu.

"Anajifunza nini? Kijana wangu wa darasa la pili anaruka kutoka pale juu!"

Meza nzima ikacheka. Ephantus alikuwa ameshaibuka, akasikia yote.

Jioni hakula vizuri. "Mwanaume mzima," alimwambia Milcah, "nimening'inizwa kwa maji kama mfuko wa chai."

"Si ni masomo, Baba Natalie?"

"Masomo ya watoto."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya baadaye pia hakuja. Halafu tukasikia amesafiri Mombasa, na baada ya siku nne akarudi na kadi ya uzamiaji yenye picha yake, na mkanda wa kiunoni uliopangwa vipande kumi vya risasi, ule uzito wa kumsaidia mzamiaji kushuka.

Mwalimu Sitati aliuinua mkanda ule kwa mkono mmoja. "Huu ulipimwa wapi?"

"Baharini."

"Bahari ina chumvi, inakubeba, kwa hivyo unahitaji uzito mwingi. Maji yetu hayana chumvi. Vaa kila kitu, toa hewa kwa jaketi la kuelea, simama ndani ya maji bila kupiga miguu. Maji yakikufika machoni, uko sawa. Ukizama, punguza vipande."

Ephantus akacheka. "Mwalimu, mimi nina kadi. Rudi kwa besheni na watoto wako."

Mwalimu hakugombana naye. Alinigeukia mimi. "Shiru, wewe umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Mwezi wa tano simu ikapigwa kutoka upande wa Molo. Msichana wa miaka kumi na sita, Cheptanui, alikuwa akifua nguo kwenye bwawa la shamba moja la zamani, akateleza. Hiyo ilikuwa jana yake. Mwalimu alikuwa Naivasha na wenzetu, akasema kwenye simu, "Nisubirini masaa mawili. Maskini, huyo hatumwokoi tena, tunamtafuta tu. Asiingie mtu." Lakini Ephantus alikuwa ameshapakia mtungi wake wa hewa. Nilienda naye. Bila mtu wa kamba haingii mtu, na mimi nilijiambia kwamba angalau nitakuwepo.

Tulikuta watu wamejaa ukingoni, simu zimeinuliwa. Baba ya msichana, mzee Kiptum, alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya karai, nguo za jana zimekaukia sabuni. Walipoona mtungi, watu wakapiga makofi. Nawaambia kweli, makofi yale yalimnyoosha Ephantus mgongo.

Nikapiga magoti, nikatoa vipande vitatu kwenye mkanda wake.

"Baba Natalie, jaribu kwanza hapa kando. Dakika tano tu."

"Wee siste!" akasema mmoja mwenye simu. "Kwani ni wewe unaingia? Wacha mwanaume afanye kazi!"

"Ama jamaa ameshikwa na baridi?" akauliza mwingine. "Tumletee blanketi?"

Wakacheka. Walicheka mbele ya mzee Kiptum.

Ephantus akaniambia kwa sauti ya chini, "Rudisha, Shiru. Usiniaibishe."

Nikarudisha. Kimoja, cha pili, cha tatu. Kwa mikono yangu hii.

Aliingia. Kamba ilikimbia mikononi hadi ikanichoma ngozi, kisha ikasimama ghafla. Tulikuwa tumepatana kwamba nikivuta mara moja, naye atajibu mara moja. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, na sasa kamba ikatikisika ovyo, bila hesabu. Halafu ikalegea.

Aliruka kutoka majini hadi kifuani, kama mtungi mtupu uliozamishwa ukaachiliwa. Watu wakashangilia! "Amempata! Amempata!" Hakuwa na mtu. Ndani ya miwani yake mlikuwa na damu. Alitaka kuniita jina, lakini nusu ya mdomo ilikataa.

Mwalimu alitueleza baadaye. Uzito ulimtupa kwenye tope hadi mapajani. Akaingiwa na hofu, akajaza jaketi hewa yote, likamng'oa na kumrusha juu huku amebana pumzi. Hewa iliyobanwa kifuani hupanuka mtu anapopanda. Asipoitoa, inapasua mapafu, na mapovu yake hupita kwenye damu hadi ubongoni. Hilo lilikuwa somo la siku ya kwanza.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu. Nilisimuliwa kwamba Mwalimu alipofika bwawani alijipima kando ya maji dakika tano, mbele ya watu wale wale, na safari hii hakuna aliyefungua mdomo. Alimpata Cheptanui saa kumi, hatua chache kutoka ukingoni.

Ephantus yuko hai. Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yake anayaelewa Natalie peke yake. Milcah humgeuza kitandani kabla ya kwenda sokoni, na akirudi humgeuza tena. Siku moja, akikunja shuka, aliniuliza.

"Ulijua ule mkanda ni mzito?"

"Nilijua."

"Na ukarudisha."

Akaendelea kukunja shuka. Mpaka leo hajaniuliza tena.

FUNZO

Wenzangu, aibu ya kujifunza mbele za watu ilimwangusha mtu mzuri, na sisi tuliosimama kando tulimsukuma. Ukimwona mtu mzima anarudia jambo dogo mara mia, usimcheke. Huenda siku moja atashuka majini kwa ajili ya mtoto wako. Wewe unayejifunza, kadi haijui kuogelea. Pima, tulia, pumua, rudia, hata kama wanakutazama.

Na wewe uliyenyamaza kwa sababu umesoma kidogo au kwa sababu ni mwanamke, nakusemesha kama mwenzako. Kile unachokijua ni kweli hata wakipiga kelele. Ukitoa kipande, usikirudishe.