Chandarua cha Muhsina

Ami yangu Harub alikuwa mtu wa kusali safu ya mbele. Nalisema hili mapema msije mkamdhania mwizi. Tulipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, tulishuka bandari ya Matrah, Omani, na nguo za mwilini tu. Miaka miwili baadaye binti yake, Muhsina, akaposwa na watu wenye kujiweza, na mamake, Bi Masouda, hakuwa hata na kitambaa cha kupambia kitanda cha bibi harusi.

Wiki ile manowari ya Kiingereza ya kubebea ndege ilikuwa ikizunguka nje ya bandari. Kikosi chake kiliruka mchana kutwa, nasi tukizitazama ndege zikitoka na kurudi. Siku moja, moja haikurudi.

Asubuhi yake Ami alikwenda kuoga baharini, akaikuta parachuti nyeupe imenasa kwenye mawe. Akavuta. Kamba zilikaza, chini ya maji palikuwa na kitu kizito. Angeweza kuingia akatazama. Akatoa kisu, akazikata, akaondoka na kitambaa kikapuni.

Sasa sikieni fedheha. Ami alikuwa karani Unguja, Kiingereza akikijua. Ofisa wa kikosi alipokuja pwani kumtafuta rubani wake, nani aliitwa kuwa mkalimani? Ami akawauliza wavuvi kama wameona chochote. Wote walisema hapana, naye akazifasiri hapana zao bila ya kutia neno lake. Mwisho yule ofisa, kijana tu, akasema, "Waambie mama wa rubani atapokea hata kipande cha nguo."

Ami akalifasiri na hilo. Sauti haikumtetemeka, na hapo ndipo ninapomwonea haya mpaka leo.

Manowari ikaondoka. Bi Masouda akashona chandarua kizuri mno, wakwe wakakisifu.

Siku ya pili ya fungate Muhsina aliamka nywele zimerowa. Akalamba kidole. Chumvi.

Kesho yake godoro lilikuwa limebonyea katikati, baina yake na mumewe. Pamelowa. Pabaridi.

Mume akarudi kwao. Alisema hawezi kulala na watu wawili. Neno la talaka likaanza kutembea mjini.

Muhsina akamwendea babake, akanong'ona, "Bba, yuko mtu anakivuta chandarua kwa chini. Anavuta pole pole. Umekitoa wapi?"

Ami akalia. Akasema yote, mkewe akisikia.

"Sanda ya mtu," Bi Masouda alinong'ona. "Nimemlaza mwanangu ndani ya sanda ya mtu."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Huyu hakupata mwosha, basi aibu ikabaki kwetu.

Adhuhuri wakakikunja chandarua kikawa kama mto wa kulalia. Ami akachimba kishimo uani, akakifukia, akasimama akiomba msamaha. Hakumwita jirani hata mmoja. Angemwambia wanamzika nani?

Alasiri Bi Masouda alitoka kuanua nguo. Akasita mlangoni.

"Baba Muhsina," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo utazame."

Pale pa kishimo palikuwa na tuta. Urefu wa mtu mzima. Udongo umelowa, na hapakuwa na wayo wa mtu.

Mume wa Muhsina alirudi, na godoro halikurowa tena. Wageni wakiuliza kaburi lile la nani, tunasema la jamaa, tunabadilisha maneno. Katika sisi sote, hakuna aliyethubutu kumwandikia mama wa watu.