Duara la Tulizo

Kitendawili!

Chumba changu hakina ukuta wala mlango, na aliyemo hatoki.

Si yai, yai lina ukuta. Si kaburi pia, ingawa aliyesema kaburi hakukosea sana. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Na miji hii ya leo siitaki, nimeshapewa mara nyingi hata nimechoka kuitawala. Nipeni mji ambao bado haujajengwa.

Mmenipa Mbugani. Vyema. Nilikwenda Mbugani, jiji lililoota katikati ya nchi miaka mingi baada yetu, nikakuta watu wamesimama.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa watu kutafuta uji, kwenye uwanja mpana ulio mbele ya hospitali. Lori la mahindi lilipasukiwa na tairi, pwaa! Kufumba na kufumbua mwewe wakashuka. Hawa si mwewe wa kunyakua vifaranga. Ni mitambo ya polisi, myepesi kama ungo, inayoruka bila sauti. Wakamwaga mwanga chini, na mwanga ukajikata vipande vipande, hata kila mtu akajikuta na duara lake jekundu miguuni, pana kama sinia la pilau. Kisha sauti ya kike, ya upole kama ya mwuguzi, ikasema juu ya vichwa vyao vyote:

“Tulizo. Simama ulipo. Asante kwa utii wako.”

Wakasimama. Aliyekuwa na kikombe mdomoni akabaki nacho mdomoni. Maana kila mkazi wa Mbugani alikuwa amepandikizwa kitambuzi kwenye kifundo cha mkono, kidogo kama punje ya mtama, na ukikanyaga nje ya duara kitambuzi chako huzimika. Mtu wa kitambuzi kilichozimika hafunguliwi mlango, hapandi basi, hauziwi hata chumvi, mpaka asimame mbele ya hakimu. Hicho ndicho chumba changu kisicho na ukuta.

Kati ya waliosimama alikuwamo mwanamke mwembamba, shungi la kijivu kichwani, uji wa ulezi mkononi. Jina lake Nyamizi Lugendo, mhandisi. Watu wa pale hawakujua kwamba hao mwewe ni kazi ya mikono yake. Aliwatengeneza baada ya Soko la Nyota kushika moto. Siku ile watu walikimbia ovyo, wakakanyagana kwenye lango, na Nyamizi alimkuta mdogo wake Kabula chini ya wenzake. Moto haukuwa umemgusa hata ukucha. Alikufa kwa miguu ya watu. Tangu tulizo lianze, hakuna mtu aliyekanyagwa tena Mbugani, na Nyamizi alipokuwa akiliona duara miguuni pake alijisikia kama aliyeshikwa mkono.

“Jamani,” kijana mmoja akapaza sauti, “mwewe kanigandisha ubavuni mwa mama mkwe! Shikamoo mama. Naomba ugeukie huko.”

“Marahaba. Geuka wewe, mimi kiuno kinaniuma.”

Uwanja ukacheka. Tulizo huwa fupi. Watu huzoea, hutaniana, humalizia vikombe vyao. Kicheko kilikuwa hakijaisha iliposikika sauti nyuma ya sufuria la uji.

“Mama. Damu.”

Muuza uji aliitwa Bi Sikujua. Aliyekuwa akimwita ni Tatu, binti yake, mja mzito wa miezi ya mwisho, aliyekuwa amekaa kwenye benchi kupumzika kidogo kabla ya kuvuka kwenda kliniki. Kanga yake ilikuwa imeloa mpaka chini. Lango la hospitali lilionekana kabisa, jeupe, ng’ambo ya uwanja, na mbele yake alisimama askari wa zamu, Koplo Masunga, mtu wa nyama na damu, naye akiwa na duara lake.

“Afande!” Bi Sikujua akapiga kelele. “Mwanangu anamwagika damu!”

“Mama, hata mimi nimo duarani. Nimeshaita kituoni. Wanasema wanakagua.”

“Wanakagua nini, tairi?” yule mkwe akadakia.

“Kijana, si kazi yangu kujua.”

Nyamizi alikuwa ameshatoa simu. Akawapata wenzake wa chumba cha mitambo, akawaambia ni tairi tu, waliondoe tulizo. Kijana wa upande wa pili akamjibu kwa heshima: “Mhandisi, ni wewe uliyetufundisha tusiondoe mpaka mwewe wakague kila pembe. Ulisema hata wewe ukituomba, tusikusikilize.”

Kweli alisema hivyo.

Akamtazama Tatu, akatazama umati uliobanana mpaka langoni, bega kwa bega. Ndipo lilipomjia wazo. Akaweka kikombe chini.

“Jamani nisikilizeni! Mwewe anatazama nyayo tu. Mikono haitazami. Mpitisheni juu, kutoka mtu hadi mtu!”

“Umpitishe juu kama nani?” Bi Sikujua akamgeukia. “Aliye hai habebwi hivyo. Mwanangu hajafa!”

“Mama,” Tatu akasema, na midomo yake ilikuwa imepauka, “waache wanibebe.”

Basi ubao wa meza ya uji ukang’olewa, Tatu akalazwa juu yake, akafunikwa kanga miguuni, na mikono ikanyanyuka. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Hata huko Mbugani, kwenye mitambo yote ile, jeneza lilikuwa bado halibebwi na mabega ya watu walewale kutoka nyumbani hadi makaburini. Kila mwanamume hulipokea, akalisogeza, akamwachia wa mbele yake. Ni thawabu, na ni desturi. Mikono huijua tangu utotoni. Ubao ukaelea juu ya vichwa kama unavutwa na kamba, na miguu yote ikabaki ndani ya maduara. Mwewe hawakusema neno.

Lakini kama mikono ina mazoea, na mdomo je?

Katikati ya uwanja palikuwa na mzee mwenye kofia ya kufuma. Uzito ulipomfikia viganjani alifumba macho, na bila kukusudia yakamtoka: “Lailaha ilallah.” Wa pembeni yake akaitikia. Na wa mbele akaitikia. Hawakuwa na ubaya wowote, wala hawakumwombea kifo. Ni kwamba hawakuwahi maishani mwao kunyanyua mtu namna ile wakiwa kimya. Kufikia mstari wa tatu, uwanja mzima ulikuwa ukivuma.

“Nyamazeni!” Bi Sikujua alilia. “Yuko hai! Nyamazeni!”

Wakanyamaza kwa aibu. Ila mwewe wana masikio.

Masikio hayo Nyamizi aliwatia mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa tulizo, mazishi yalizuiwa barabarani juani mpaka wafiwa wakazimia. Walipokwenda kulalamika, Nyamizi alilia nao. Akawafundisha mwewe kuyatambua mazishi, mwili juu ya mikono ya watu na dhikri au nyimbo za kanisani, ili yapishwe hata kama jiji zima limesimama. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko nyingine.

Sasa mwewe mmoja akashuka karibu na ubao, ambao ulikuwa umebakiza mikono michache kufika langoni. Chini ya ubao mwanga ukageuka. Maduara mekundu ya wabebaji yakazimika, na njia ya kijani ikajitandaza, pana na iliyonyooka, ikikata uwanja. Haikuelekea hospitali. Ilikata kushoto, ikaelekea barabara ya makaburini.

“Poleni kwa msiba,” ile sauti ya upole ikasema. “Njia ya makaburini iko wazi.”

Lango la hospitali lilikuwa limeanza kufunguka, maana lilikisikia kitambuzi cha Tatu kikikaribia. Likasita, likajifunga. Kwa hesabu za jiji, Tatu alikuwa ameshakuwa maiti, na maiti hawapokelewi kwa mlango ule.

Wale waliombeba walikuwa huru kutembea, mradi watembee kwenda kuzika. Aliyejaribu kugeuza unyayo upande wa lango aliliona duara jekundu likirudi.

“Mama,” Tatu aliuliza kutoka juu ya ubao, macho yakiwa wazi, yakitazama mbingu, “wanasema nani kafa?”

Hapo Bi Sikujua akatoka. Aliliruka duara lake kama mtu anayeruka mtaro, kitambuzi kikalia mkononi mwake mlio mmoja mwembamba na kuzimika, naye hakukitazama. Akajipenyeza katikati ya watu mpaka langoni. Kando ya lango palikuwa na mkono wa dharura, chuma kilichopakwa rangi ya manjano. Ukivutwa, lango hufunguka bila kuuliza mtambo wowote. Akauning’inia kwa mwili wake wote. Haukusogea. Mkono ule huitika kiganja cha askari tu.

“Afande,” alisema, akihema. “Ni hapa tu. Njoo uvute.”

Masunga alikuwa hatua tatu kutoka pale. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

“Mama yangu, nikitoka mimi mwenye sare, hawa wote watatoka. Wale wa nyuma hawaoni kitu, watadhani ni moto. Mimi ndiye niliyebeba miili ya Soko la Nyota. Niliibeba kwa mikono hii.”

“Sasa huyu?”

Masunga alikuwa akitafuta kwa macho mtu wa kumtua mzigo, na macho yake yakamwangukia Nyamizi.

“Wewe! Nakujua wewe. Ni mhandisi wa mwewe, ulitufundisha chuoni. Dada, wewe ndiye uliyeitunga amri hii. Niambie. Niondoke au nisiondoke?”

Vichwa vyote vikageuka. Nyamizi akafungua mdomo. Simu ilikuwa bado sikioni, na yule kijana alikuwa akisema subiri kidogo tu Mhandisi, wanamalizia pembe ya mwisho. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akamwona Masunga, akamwona Kabula chini ya wenzake, akamwona Tatu. Akainamisha macho.

Na Masunga akasimama alipo.

Tulizo lilipoondolewa, lango lilifunguliwa kwa mkono, na madaktari walitoka mbio, hakuna aliyezembea. Mtoto walimtoa mzima, msichana. Mama yake hakuamka.

Baraza la jiji liliketi siku za baridi. Ukumbi ulijaa. Bi Sikujua alikaa mstari wa mbele, mjukuu mgongoni, na ilibidi jirani amfungulie mlango wa kuingilia kwa kitambuzi chake, maana cha kwake kilikuwa bado kimezimwa. Mkuu wa polisi wa Mbugani, mtu mtaratibu na msafi, aliwapa wafiwa pole kwa maneno mazuri. Kisha akaeleza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za mwewe, marehemu alikwisha kufariki kabla hajafika langoni. Hivyo amri haikumdhuru mtu. Waliotii walitii vyema. Koplo Masunga atapewa nishani.

“Alikuwa akiniuliza swali,” Bi Sikujua alisema kutoka kitini. “Maiti wanauliza maswali siku hizi?”

“Mama, tunaelewa uchungu wako. Tulia.”

“Nimetulia sana, baba. Siku ile mlinituliza vya kutosha.”

Minong’ono ikapita ukumbini. Mkuu akakohoa, akamwita Nyamizi ajitokeze. Hakutakiwa kusema mengi. Athibitishe tu kwamba mwewe hawakukosea, aseme ndiyo, akae. Alikuwa ameshasimama mbele ya watu, mikono imeshikana, wakati nyuma ya ukumbi kiti kiliposukumwa.

“Mkuu, naomba ruhusa,” Masunga alisema. Alikuwa ameishika kofia yake mkononi.

“Kaa chini, Koplo.”

Hakukaa.

“Koplo Masunga. Nimekwambia kaa.”

“Nimesikia, mkuu.” Bado alikuwa wima. Akashuka polepole kati ya viti mpaka akafika alipokuwa Bi Sikujua, akasimama kando yake, akamtazama Nyamizi. Alikuwa amekonda. “Dada, siku ile nilikuuliza. Mimi nishani siitaki, na kifungo nikipewa nitakwenda. Lakini kila nikilala nasimama pale langoni nangoja unijibu. Nijibu leo, mama yake akisikia.”

“Mhandisi,” mkuu akasema kwa upole, “hulazimiki kumjibu.”

Nyamizi alijua hivyo. Alijua pia kwamba neno lake lingetoka nje ya ukumbi ule, lingefika sokoni na stendi, na siku moja moto wa kweli ungewaka na mtu angelikumbuka, akakimbia, akamkanyaga mtoto wa mwenziwe. Kabula angekufa mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wake. Hakuna hesabu aliyoifahamu ya kumwonyesha ni lini mtu asimame na ni lini atoke. Alikuwa ameitafuta tangu asubuhi ile, na hakuipata.

Mgongoni mwa Bi Sikujua mtoto akajinyoosha, akapiga chafya, akalala tena. Mwanamke yule alikuwa akingoja kama Masunga.

Nyamizi akaachanisha mikono yake.

“Ondoka, Masunga,” akasema, kwa sauti ya mtu anayepaza ili asikike ng’ambo ya uwanja. “Ondoka hapo. Vuta mkono, fungua lango. Yuko hai.”