Chumvi ya Mara Mbili

Kila alasiri ya Ramadhani, Mwanasha akitoka shule kazi yake ilikuwa kukuna nazi na kuchunga uji usiungue. Mapishi yenyewe yalikuwa ya mamake, Bi Mabruka. Lakini siku ile mama alikwama dukani mjini, akapiga simu kwa majirani: Mwanasha amalizie mchuzi wa kuku ulioachwa jikoni, kwani Bibi Shee anakuja kufuturu.

Bibi Shee, nyanyake Mwanasha, alikuwa na presha, na daktari alishamkataza chumvi nyingi. Nyumbani kwa kina Mwanasha, karibu na maduka ya Adams Arcade, hakuna asiyejua hilo.

Mwanasha aliinjika sufuria, akaanza kuhangaika. Je, mama alikwisha kutia chumvi? Akanusa, akakoroga, akachungulia dirishani, akarudi kukoroga. Kuonja hakuthubutu. Alikuwa amefunga, na aliamini kuwa hata tone moja likigusa ulimi, saumu imeharibika. Mwishowe subira ilimshinda. Akatia kijiko kizima, kisha kingine kidogo cha kujituliza roho.

Rafiki yake Kanyiva, wa mlango wa pili, hakuwa mtu wa kufunga. Alipopita kuazima pasi, Mwanasha alimwomba aonje. Kanyiva alikunja uso, akakimbilia mfereji asukutue kinywa.

"Hii ni chumvi tupu," alisema. "Mamako aliweka, na wewe ukaongeza."

Patashika ikaanza. Walitumbukiza viazi, maana walisikia viazi hunyonya chumvi. Viazi vikawa vya chumvi, na mchuzi ukabaki vilevile. Wakapunguza mchuzi, wakaongeza tui. Kanyiva alionja tena, akasema sasa unalika, ingawa bado mkali. Akamshauri Mwanasha kwamba akiulizwa, aseme tu ni mkono wa mamake uliozidisha. Shauri hilo lilimpendeza Mwanasha, na papo hapo likamtia aibu.

Adhana iliposikika, Bibi Shee alikuwa ameshaketi, na mama ameshafika, anahema. Bibi Shee alifungua kwa tende, kisha akamega mkate auchovye kwenye mchuzi.

"Bibi, usile," alisema, akilisogeza bakuli kando. "Chumvi imezidi. Ni mimi niliyeongeza bila kuonja. Niliogopa saumu itaharibika."

Mama aliinama kwa haya. Bibi Shee aliuweka mkate chini, akaomba apewe uji, akamvuta mjukuu wake karibu. Alimweleza kuwa mpishi aliyefunga, akihitaji, huonja kwa ncha ya ulimi na kutema bila kumeza kitu. Saumu yake haina neno.

"Mchuzi huu ungeniumiza mwili," alisema. "Lakini wewe ungenyamaza, ungeniumiza zaidi, kwa kuwa ningekuwa nimepewa na mjukuu wangu huku akijua. Mwanangu, kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema kabla mwenzako hajameza."