Manjano Si Majani

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake kutia nguo rangi. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana mdomo wake haukutulia, na hakuna swali lililomkosesha jibu, la kweli au la kubuni.

Jumamosi moja asubuhi fundi cherehani alikuwa ameleta kitambaa cheupe kitiwe rangi, amshonee mjukuu wake nguo ya kwanza. Shangazi alikata kipande cha kujaribia, akamwagiza Chiriku achemshe manjano wakati yeye anachota maji bombani.

Chiriku aliduwaa mbele ya sufuria. Manjano aliyajua kuwa ni rangi tu, rangi inachemshwaje? Aliona haya kuuliza, akajipa jibu mwenyewe: bila shaka neno hilo linatokana na majani. Akazoa majani makavu uani, akayachemsha, akayachuja, akatumbukiza kile kipande. Kikatoka na rangi ya tope.

Shangazi aliporudi alikigeuzageuza, uso umemkunjamana. Alisema muuza viungo amemuuzia unga mbovu wa manjano, akachukua kopo lake, akavaa kandambili aende kumrudishia. Alikuwa ameshafika mlangoni. Chiriku alimkimbilia. Angenyamaza, mzee wa watu angeitwa tapeli bure.

“Shangazi, usiende. Nimechemsha majani. Sikujua manjano ni nini.”

Shangazi alimtazama, akavua kandambili, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akalifungua lile kopo la unga.

“Nusa.”

“Si binzari hii? Ya jikoni?”

“Ndiyo hiyohiyo. Jina lake jingine manjano, na rangi imeazima jina kwake. Kahawia imetoka kwa kahawa, na kijivu kwa majivu. Hata wewe hukukosea sana. Majani nayo yametupa kijani.”

Wakaanza upya. Safari hii Chiriku aliuliza kila hatua, na shangazi hakuchoka kumjibu. Kitambaa kilitoka kimeng’aa, wakakianika kivulini kisipauke. Fundi alipokiona alikikumbatia kana kwamba mjukuu yumo ndani yake.

Walipokuwa wakinawa mikono, shangazi alisema, “Mwanangu, kutojua si aibu. Ukiuliza, unajifunza wewe. Ukibuni, anaweza kuumia mwingine. Ila leo umesema kweli kabla sijavuka mlango, na hilo limenifurahisha kuliko kitambaa.”

Chiriku alitabasamu, viganja vyake vikiwa bado vya manjano.